Kuifufua Bodi ya Volkswagen Beetle Iliyoliwa na Kutu

Hakuna mwezi unaopita bila mtu aliyenunua Volkswagen Beetle iliyochakaa kuniuliza maswali yale yale matatu: aanzie wapi, kutu ya chini ya milango itibiwe kwa dawa gani, na je, puti, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati, haiwezi kumaliza kazi. Nimeona niyajibu kwa maandishi, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kushika mashine ya kuchomelea lakini ana subira, ana sehemu yenye paa, na yuko tayari kuifungua gari yake hadi ibaki mifupa. Mwongozo huu unahusu bodi peke yake. Injini na breki zina siku yake.

Katika Beetle kutu huanzia chini na ndani, ikajitokeza juu na nje mwishoni kabisa. Kipele cha ukubwa wa sarafu unachokiona kwenye rangi mara nyingi kina tundu la ukubwa wa kiganja kwa upande wa pili. Gari yangu ya kwanza ya aina hii niliinunua ikiwa inang'aa kama yai lililomenywa, lakini sumaku haikushika popote chini ya mlango wa kushoto. Nilipopagonga kwa mpini wa bisibisi, puti ilidondoka kwa mabamba mazito kama vigae, na nyuma yake nikakuta magazeti yaliyokunjwa na kushindiliwa, na juu ya magazeti saruji. Fundi aliyetangulia alikuwa amejenga nyumba.

Muundo wa gari, kwa ufupi

Beetle ina vipande vikubwa viwili. Cha kwanza ni sakafu, yaani uti wa mgongo ulio kama bomba katikati, na mabati mawili ya kukanyagia yaliyochomelewa kulia na kushoto kwake. Cha pili ni bodi yenyewe, ambayo hukaa juu ya sakafu na kufungwa kwa boliti kuzunguka ukingo wote. Madigadi manne nayo yamefungwa kwa boliti, hayakuchomelewa, na hii ndiyo neema kubwa ya gari hii kwa anayejifunza.

Chini ya kila mlango hupita mhimili wenye uwazi ndani, uliokusudiwa kupeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi mbele. Mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam hana haja na joto hilo hata siku moja, na ndiyo maana wengi hudhani mihimili hiyo inaweza kuachwa ioze. Kumbe ndiyo inayoibeba bodi. Ikioza, gari hukunjika katikati taratibu, milango ikaanza kugoma kufunga, na mwenye gari akadhani ni bawaba.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta jeki imara na stendi nne, spana namba 13 ambayo hufungua karibu boliti zote za bodi, namba 17 kwa zile chache kubwa, mafuta ya kulegeza boliti, sumaku ndogo, patasi, nyundo ya bodi, grenda yenye mawe membamba ya kukatia na brashi za waya, drili, na vibano vingi kuliko unavyodhani utahitaji. Mashine ya kuchomelea iwe ile ya waya na gesi, waya ukiwa wa milimita 0.6 au 0.8. Mashine ya kawaida ya vijiti, inayotumika kutengeneza mageti na madirisha, hutoboa bati la gari kabla mkono wa mwanafunzi haujatulia. Gesi ya oksijeni na asetilini inaweza kufanya kazi hii kwa fundi mzoefu, lakini joto lake husambaa na kulifanya bati lijikunje kama chapati iliyoachwa jikoni.

Ongeza bati jipya lenye unene wa takriban milimita 1 kwa bodi, na nene kidogo kuliko hilo kwa sakafu. Asidi ya fosforiki ya kutibu kutu, praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga bati), silanti ya bodi ya kuziba miungano, puti, misasa kuanzia namba 80 hadi 600, kompresa na bunduki ya rangi. Kwa ajili ya mwili wako: kofia ya kuchomelea, miwani, glovu za ngozi, nguo za pamba, barakoa yenye vichujio, na kizimamoto kilichojaa. Ndoo ya maji na kitambaa kilicholowa viwe karibu pia, kwa sababu cheche hupenda kujificha.

Kabla ya kuagiza vipande, thibitisha mwaka na aina ya gari yako. Kuanzia modeli ya mwaka 1968 taa za mbele zilisimamishwa wima, hivyo madigadi ya kabla na baada ya hapo hayafanani. Na zile aina za 1302 na 1303 zina sehemu ya mbele iliyo tofauti kabisa. Namba ya chasisi imegongwa juu ya uti wa mgongo, chini ya kiti cha nyuma. Ipige picha, kisha usiiguse kwa grenda wala msasa kazi yote, kwa kuwa namba iliyofutika itakuletea matatizo na polisi na mamlaka ya usajili.

Hatua za kazi

1. Kagua na utie alama. Pandisha gari kwenye stendi nne, ondoa mazulia, kisha pita kila sehemu kwa bisibisi na sumaku. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati lililooza hulia kama boksi la karatasi. Zungushia chaki kila ulipokuta laini. Sehemu za kutazama kwa makini ni sakafu chini ya betri, ambayo hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia na kumwaga asidi yake kwa miaka. Mihimili ya chini ya milango. Pembe za mbele karibu na miguu ya dereva. Sehemu ya tairi la akiba. Sehemu za kufungia bampa. Ukingo wa chini wa milango. Na bati lililo chini ya kioo cha nyuma, ambapo maji hupenya mpira ukichakaa. Andika orodha. Ikiwa orodha imejaza kurasa mbili usikate tamaa, lakini fikiria upya kama gari hiyo ndiyo ya kujifunzia.

2. Fungua gari. Anza na betri, kisha tangi la mafuta, ambalo liko mbele chini ya boneti. Tangi litoke nje ya karakana kabisa, na mipira yake ya mafuta izibwe. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Baada ya hapo toa viti, vioo, taa, bampa, vibao vya kukanyagia na madigadi. Boliti za madigadi zipakwe mafuta ya kulegeza siku mbili au tatu kabla, asubuhi na jioni. Ukilazimisha siku ya kwanza, nati iliyochomelewa ndani ya bodi itang'oka na kuzunguka pamoja na boliti, na utapoteza siku nzima kwa boliti moja. Kila kundi la boliti liingie kwenye mfuko wake wenye maandishi. Piga picha za nyaya kabla ya kuchomoa hata moja.

3. Imarisha bodi kabla ya kukata. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu magari mengi kuliko kutu yenyewe. Milango ikiwa bado imefungwa mahali pake, hakikisha nafasi kati ya mlango na fremu iko sawa kuanzia juu hadi chini. Mimi hutumia vijiti viwili vya kibiriti vilivyogandishwa pamoja: nikiweza kuvipitisha kote bila kukwama wala kupwaya, nimeridhika. Kisha toa milango, chomelea bomba la pembe nne kuvuka kila uwazi wa mlango, na jingine kutoka upande mmoja wa bodi hadi wa pili. Pima kimshazari kutoka pembe ya juu hadi ya chini kwa kila uwazi, uandike vipimo ukutani kwa chaki kubwa. Vipimo hivyo utavirudia kila jioni hadi kazi ya kuchomelea iishe.

4. Panga nini kitangulie. Mwanafunzi asiinue bodi kutoka kwenye sakafu kabla mihimili haijawa mizima, kwa kuwa sakafu iliyofungwa boliti ndiyo kalibu inayoishikilia bodi katika umbo lake. Ikiwa sakafu nayo imeoza, badilisha nusu yake moja kwanza, ifunge na bodi kwa boliti, ndipo uende kwenye mhimili wa upande huo. Ukimaliza kulia, hamia kushoto. Usikate mihimili yote miwili kwa wakati mmoja, hata kama fundi jirani anakuhakikishia kwamba amewahi kufanya hivyo.

5. Kata hadi kwenye bati zima. Tengeneza kwanza kiolezo cha karatasi ngumu cha kipande unachokitoa, kikiwa na mikunjo na matundu yake yote. Kisha kata ukivuka kutu kwa sentimita mbili au tatu, mpaka grenda ikuonyeshe bati jeupe pande zote mbili. Pembe za shimo zifanye za duara, kwa sababu pembe kali huanzisha ufa. Usitupe kipande kilichooza kabla kipya hakijakaa sawasawa. Mara nyingi nimeokota takataka kutoka kwenye pipa ili kuona mkunjo ulielekea wapi.

6. Chomelea kwa nukta. Jaribu mashine kwanza kwenye mabaki ya bati lenye unene ule ule hadi nukta zako zitoke bapa na ziwe zimepenya upande wa nyuma. Kwenye gari, bana kipande kipya, weka nukta nne kwenye pembe, pima, kisha endelea kwa nukta moja moja ukiruka kutoka upande huu hadi ule, ili joto lisikusanyike mahali pamoja. Kati ya nukta na nukta acha bati lipoe hadi uweze kuligusa kwa mkono. Mtu mwenye haraka huchora mstari mrefu kwa mara moja, na anapomaliza bati limevimba kama tumbo la chura. Pale vipande viwili vinapopandana, kama vile mhimili na ukingo wake, toboa matundu ya milimita 8 katika bati la juu na uyajaze kwa waya.

Maonyo ya hatua hii yasomwe mara mbili. Lami ya kuzuia kutu iliyopakwa chini ya gari huwaka polepole bila wewe kuona, hivyo ikwangue kwanza. Usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini karibu na sehemu utakayochomelea; ikikutana na joto hilo hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua. Bati lililopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa, kwa hiyo saga zinki hiyo kwanza na ufanye kazi penye upepo. Ukimaliza kuchomelea jioni, kaa na gari nusu saa nyingine kabla ya kufunga karakana.

7. Milango na madigadi. Kwa madigadi yaliyooza kwenye ukingo wa boliti, hesabu muda wako. Mara nyingi ni nafuu kununua mengine kuliko kuyashona. Milango hukatwa chini tu, na matundu ya kutolea maji lazima yabaki wazi, maana walioyaziba ndio waliouozesha mlango.

8. Tibu kutu ya juu juu. Bati lililo zima lakini lina wekundu lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe asidi ya fosforiki kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, lisafishwe na kukaushwa kabisa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo isuguliwe ikiwa imelowa, wala isipeperushwe vumbi. Praima ya epoksi ifuate siku hiyo hiyo. Kwa walio pwani hili ni sharti: bati jeupe likilala usiku mmoja katika hewa ya chumvi, asubuhi utalikuta limeota unga wa rangi ya chungwa, nawe utaanza upya. Usilishike kwa mkono mtupu pia, kwani jasho la kidole huacha alama inayochipuka kutu chini ya rangi.

9. Silanti, puti na msasa. Kila muungano upakwe silanti juu ya praima. Puti nayo ikae juu ya epoksi, isizidi milimita 3, na kazi yake iwe kusawazisha mikwaruzo ya nyundo. Ukihisi unahitaji zaidi ya hapo, rudi kwenye nyundo. Sugua kwa msasa 80, kisha 180, kisha 320, ukitumia kibao kirefu kinachopindika, kwa kuwa Beetle haina sehemu bapa hata moja na vidole huchimba mabonde. Puliza vumbi jembamba la rangi nyeusi juu ya eneo lote kabla ya msasa wa mwisho. Palipobaki weusi ni bonde, panapong'aa mapema ni kilima.

10. Amua urembo kabla ya rangi. Urembo unaohusu bodi ufanywe sasa, wakati mashine bado iko nje. Wengine huziba matundu ya mistari ya kromiamu ili ubavu uwe laini. Hilo ni rahisi na lina sura nzuri. Wengine hupenda mtindo wa mashindano, na una mizizi hapa kwetu, kwa kuwa Volkswagen ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962: boneti nyeusi isiyong'aa, taa za ziada juu ya bampa, na namba mlangoni. Rangi mbili, ya chini nzito na ya juu nyepesi, hulipendeza umbo hili kuliko rangi moja, na ukanda wa mpira kati ya digadi na bodi unaweza kuchaguliwa ufanane na rangi ya chini. Kukata madigadi ili tairi kubwa ziingie mimi sikushauri katika gari yenye bati la asili, kwa sababu huwezi kulirudisha. Ukibadilisha rangi, kumbuka kwamba kadi ya gari huandika rangi. Iripoti kwa mamlaka ya usajili, yaani TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya.

11. Puliza rangi. Lowesha sakafu ya karakana ili kutuliza vumbi, futa bati kwa dawa ya kuondoa mafuta, na usianze siku ya mvua au wakati wa umande. Anza na sehemu za ndani na kingo za milango. Bunduki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, iende sambamba nalo, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Mikono mitatu myepesi ya rangi hushinda mmoja mzito. Rangi zinazochanganywa na kigumu huwa na isosayaneti, ambayo huharibu mapafu na barakoa ya kawaida haitoshi. Zinahitaji kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Ikiwa huna, peleka gari ikiwa tayari imesuguliwa kwa mpiga rangi mwenye chumba chake na umlipe kwa kazi hiyo moja.

12. Funga na ukinge ndani. Weka mpira mpya kati ya bodi na sakafu kabla ya kukaza boliti. Rangi ikikauka vizuri, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili, milango na kila uwazi, hadi ianze kudondoka kwenye matundu ya maji, kisha uyazibue kwa waya. Betri irudi na kifuniko chake, kwani chemchemi za kiti cha nyuma zikigusa vichwa vyake gari huwaka moto.

Mambo yakienda kombo

Waya unatoboa bati kila nukta: punguza umeme, fupisha muda wa kubonyeza, na weka kipande cha shaba nyuma ya tundu, chuma hakishikani na shaba.

Mlango haufungi baada ya mhimili kubadilishwa: usiguse bawaba bado. Rudi kwenye vipimo vya ukutani. Kimshazari kimoja kikiwa kirefu, legeza boliti za bodi upande huo na uongeze au upunguze mpira chini yake. Vipimo vyote vikiwa sawa, ndipo bawaba zirekebishwe.

Rangi imekuwa na ukungu mweupe: hewa ilikuwa na unyevu mwingi. Subiri siku kavu, sugua kwa msasa 600, upulize upya na thina inayokauka polepole.

Vishimo vidogo kama macho ya samaki: kuna mafuta au silikoni kwenye bati au katika hewa ya kompresa. Toa maji kwenye tangi la kompresa kila asubuhi, na usiruhusu mtu ang'arishe dashibodi karakana hiyo hiyo.

Rangi imechuruzika: iache ikauke kwa siku kadhaa, isugue kwa kibao kigumu, kisha ing'arishe. Ukiigusa ikiwa mbichi utaivuta.

Vipele baada ya miezi michache: kutu iliachwa chini, au puti ilipakwa bati likiwa na unyevu. Hapo hakuna dawa ya juu. Sehemu hiyo ifunguliwe hadi bati jeupe na hatua ya tano irudiwe.

Maji miguuni mwa dereva baada ya mvua: kabla ya kulaumu sakafu mpya, mwaga maji kwa mpira kwenye kioo cha mbele mwenzako akiwa ndani na tochi. Mara nyingi ni mpira wa kioo uliokaa vibaya pembeni, na katika gari za kuanzia modeli ya 1968 ni bomba la kutolea maji la tundu la hewa mbele ya kioo, ambalo mtu alisahau kulirudisha.